Fosforasi haitembei, kwa hiyo panga kulima na mzunguko wa mazao hivi

Ukishalishika hili mengine yatakuja yenyewe: kati ya virutubisho vya mmea, naitrojeni inashuka na maji lakini fosforasi ukiimwaga hapa utaikuta hapahapa, mzizi ndo unaifuata, tena mpaka uikaribie milimita chache tu.

Hatua ya 1: pima matabaka mawili
Shamba ambalo halijalimwa miaka kadhaa usichote udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 ukauchanganya wote. Beba ndoo mbili, moja ya 0–5 na nyingine ya 5–20. Mbolea ya kumwaga na mabaki yanayooza vyote vinabaki juu, sasa ukichanganya maabara inakupa wastani mzuri kumbe chini hamna kitu. Mimi liliwahi kunikuta, mahindi machanga majani ya chini yamekuwa zambarau pembeni, dalili ya kukosa fosforasi, na mbolea nimeweka, nikang'oa mche mmoja kwa jembe, juu vumbi tupu, mizizi yote imekimbilia chini kwenye unyevu ambako fosforasi haijafika. Iliniuma sana.

Cheki na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo. Ikiwa chini ya 5.5 chuma na alumini vinaikamata fosforasi, kwa hiyo anza na chokaa kabla hujaongeza mbolea.

Hatua ya 2: amua kuhusu jembe
Kulima kunaichanganya fosforasi ishuke chini, ila kwenye mteremko mvua ikibeba udongo inabeba na fosforasi iliyoushikilia. Usipolima udongo unatulia, lakini ile iliyorundikana juu inayeyuka na kuondoka na maji mpaka mtoni, huko inalisha mwani. Kwa hiyo mi siwaambii watu walime kila msimu, nawaambia waache kumwaga juu: fukia mbolea sentimita 5 pembeni ya mbegu na 5 chini yake. Kama tofauti ya zile ndoo ni kubwa mno na shamba ni tambarare, geuza udongo mara moja, basi.

Hatua ya 3: panga mazao
Hapa wengi wanachanganya. Mikunde inavuta naitrojeni hewani, fosforasi hewani haipo, na kila tani ya mahindi unayovuna inaondoka na kama kilo 3 za fosforasi, hiyo lazima uirudishe. Faida ya mzunguko ni kuifungua iliyokwama: mizizi ya mbaazi na dengu inatoa asidi zinazoiachilia. Halafu kuna kuvu wa mizizi, nyuzi zao zinafika mbali kuliko mzizi wenyewe, na kulima sana kunazikata. Kabichi, haradali na spinachi hawashirikiani na kuvu hao, ndo maana mahindi yakifuata kabichi moja kwa moja yanaweza kuanza kwa kudumaa. Weka kunde au maharage katikati.

Hatua ya 4: baada ya miaka 3 rudi na ndoo zako mbili, sehemu zilezile, msimu uleule.