Kabla Hujageuza Faili la Word Kuwa PDF, au PDF Kuwa Word

Mteja akiingia steshenari kwangu akaniambia "nibadilishie tu hili faili, ni dakika moja", najua saa nzima imekwenda. Kubadilisha kwenyewe ni sekunde chache. Kinachokula muda ni yale aliyopaswa kuyafanya nyumbani kabla ya kuja. Nayaandika hapa, na ukija kwangu bila kuyafanya usininunie.

Tunza faili la asili. Inabadilishwa nakala, la asili haliguswi. Hili halina maelezo.

Jiulize kama kuna haja ya kubadilisha. Kazi iliyokwisha, inayokwenda kusomwa au kuchapwa, igeuze PDF. Kazi ambayo bado kuna mtu wa kuirekebisha, mpe Word hivyo hivyo. Wengi hukimbilia PDF mapema kwa sababu inaonekana ya kiofisi, halafu msimamizi wa utafiti anasema ongeza aya moja ukurasa wa 6, na faili la Word mtu alishalifuta ili simu ipate nafasi. Ndipo safari ya kurudi inapoanza, na miiba yote iko kwenye safari ya kurudi. Word inajua hii ni aya, kile ni kichwa cha habari, lile ni jedwali. PDF ililetwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine, na mara nyingi haijui lolote kati ya hayo. Inajua tu herufi fulani ikae mahali fulani pa karatasi. Kwa hiyo programu ya kurudisha PDF kuwa Word inakisia. Ikiona maneno yamejipanga safu mbili, inakisia ni jedwali. Ikiona tarakimu mwanzoni mwa mstari, inakisia ni orodha. Mara nyingi inapatia. Ilipokosea nitakusimulia.

Kubadilisha jina si kubadilisha faili. Ukifuta .docx kwenye simu yako ukaandika .pdf, umemvika mbuzi kanzu. Akifungua mdomo atalia mee.

Angalia fonti, yaani aina ya mwandiko wa herufi. Kwa miaka mingi, tangu Office ya 2007, Word ilikuwa ikikuanzishia na Calibri. Mwaka 2023 Microsoft ikaanza kuweka Aptos. Sasa wewe umeandika kwenye Word mpya ya kazini, unaleta kwenye kompyuta yangu yenye Office ya 2010. Aptos haimo. Mashine inachukua fonti nyingine iliyo karibu, herufi zinanenepa au zinakonda, kurasa 40 zinakuwa 42, jedwali lililokaa vizuri linakatika katikati, na jina lako kwenye jalada linashuka mstari wa pili. Sio virusi, na sio mimi. Watumiaji wa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word, wamesaidiwa kidogo hapa, maana kuna fonti iitwayo Carlito iliyotengenezwa kwa upana uleule wa Calibri, na Liberation Serif kwa ajili ya Times New Roman. Sura inatofautiana kidogo lakini mistari inakatikia palepale. Kwa Aptos dawa ni mbili: ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi, weka tiki kwenye "Embed fonts in the file" ili fonti isafiri ndani ya faili, au toa PDF hukohuko ulikoandikia. Bora zaidi uje na mafaili yote mawili, la PDF la kuchapa na la Word la dharura.

Ukubwa wa karatasi. Kama umepakua kiolezo cha CV kutoka tovuti ya Marekani, huenda ni cha Letter, milimita 216 kwa 279. Karatasi zetu ni A4, 210 kwa 297. Badilisha kabla ya kugeuza PDF, sio baada.

Maoni ya pembeni. Word ikiwa inaonyesha masahihisho na maoni, PDF nayo inaweza kutoka nayo, na rangi zake nyekundu. Nimeshachapa barua ya kuomba kazi yenye maoni ya rafiki pembeni: "hapa umedanganya, waliondoa watu wewe ukiwemo". Tuliiona kabla ya bahasha kufungwa, bahati tu.

PDF ya skana ni picha. Jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kwa mausi. Lisipochaguka, hakuna maandishi mle, kuna picha ya maandishi, na kompyuta italazimika kuyasoma kwa kukodoa macho kama wewe. Itasoma 1 kama l, sifuri kama O, r na n zikibanana itaona m. Ng'ombe atatoka ngombe. Fedha, tarehe na namba za simu zipitie moja moja, ukiwa na karatasi ya asili pembeni. Na kama unanitumia ukurasa kwa WhatsApp, utume kama dokumenti. Ukiutuma kama picha ya kawaida unabanwa, na herufi ndogo zinakuwa ukungu.

Sasa namba za vifungu. Hapa tukae kidogo.

Akina mama wa kikoba kimoja cha mtaani kwetu walileta katiba yao. Faili la Word lilikufa pamoja na kompyuta ya katibu. Kilichobaki ni PDF kwenye simu ya mweka hazina. Walitaka jambo dogo. Kifungu cha 9, kilichohusu ada ya fomu, kiondolewe kwa kuwa mkutano ulishakifuta, kisha nitoe nakala 28 na kuzibaindi. Nikaigeuza PDF kuwa Word, ikatoka safi ajabu. Nikafuta kifungu cha 9. Namba zilizofuata zikajisogeza zenyewe, 10 ikawa 9, 11 ikawa 10, nami nikajisifu moyoni. Nikaprinti.

Nisilolijua ni kwamba ile programu ilikuwa ikikisia ukurasa kwa ukurasa. Vifungu vya 8 hadi 13, vilivyokuwa ukurasa wa pili, iliviona ni orodha ikavipa namba za kujiendesha. Kuanzia 14 hadi 22 iliziacha namba kama maandishi ya kawaida, kama mtu aliyezitaipu kwa mkono. Vya juu vikasogea, vya chini vikabaki palepale. Baada ya 12 ikaja 14. Watu 28 walipokea katiba isiyo na kifungu cha 13, na hakuna aliyeguna.

Miezi mitatu baadaye mwanachama mmoja aliyechelewesha marejesho akaitwa kikaoni. Kifungu cha 20 kilisema mchelewaji "atashughulikiwa kwa mujibu wa kifungu cha 12". Katika katiba ya zamani, cha 12 kilikuwa faini. Katika katiba niliyochapa mimi, faini ilishapanda ikawa 11, na kilichokaa kwenye 12 ni kile cha 13 cha zamani: rambirambi. Yule mama akasimama na nakala yake mkononi, akasoma taratibu kwamba mwanachama atapewa shilingi 100,000 na wenzake watakwenda kumtembelea nyumbani. Akauliza, "Mnakuja lini, nipike?" Nusu ya kikao walicheka mpaka machozi. Mwenyekiti hakucheka. Kesho yake nilimkuta mlangoni kabla sijafungua duka, na kapu la nakala. "Mwanangu, umetufanya nini?" Nilizichapa upya zote 28 kwa gharama yangu, na deni la yule mama nasikia lilichukua vikao vingine viwili, kwa sababu alishikilia kwamba katiba ni ile aliyosainia.

Kwa hiyo fanya hivi. Bonyeza juu ya namba yenyewe. Ikivaa kivuli cha kijivu na kishale kikakataa kuingia katikati yake, tuseme kati ya 1 na 2 za namba 12, hiyo inajiendesha. Kishale kikiingia, imetaipiwa. Usipime ya kwanza tu ukaridhika, pima kila ukurasa, hasa pale ukurasa unapoanza. Halafu Ctrl na F, tafuta "kifungu cha", tafuta "jedwali la", tafuta "ukurasa wa", na kila panapotokea nenda kaone kama kinachotajwa ndicho kilichopo. Katika faili la asili la Word, marejeo (yale ya "tazama kifungu cha 12") yaliyowekwa kitaalamu unayahuisha kwa Ctrl na A kisha F9. Yakishapita kwenye PDF na kurudi, yamekufa; ni maandishi tu, hata ubonyeze F9 mpaka asubuhi. Wanafunzi, ukurasa wenu wa Yaliyomo uko kwenye kundi hilohilo.

Faili likigoma kufunguka baada ya kubadilishwa, usilie kwanza. .docx ndani yake ni zipu. Toa nakala, mwisho wa jina weka .zip, lifungue, ingia kwenye folda ya word, kisha media. Picha zako kwa kawaida zimo. Maandishi yamo kwenye document.xml, ndani ya folda ileile ya word, yamezungukwa na alama za ajabu lakini yanasomeka. (Najua nimesema kubadilisha jina si kubadilisha faili. Hili halijabadilika, lilikuwa zipu tangu mwanzo.) Faili la zamani la .doc halina mlango huo.

Tovuti za kubadilisha bure ziogope kidogo. Hati ya kiwanja, karatasi ya mshahara, cheti cha hospitali, vyote unavipakia kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua ili akurudishie kitu ambacho Word yenyewe inakifanya kwa "Save As". Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sheria haiwezi kurudisha ulichokwisha kukipakia wewe mwenyewe. Na usije saa kumi na moja na nusu kwa kazi inayofungwa saa kumi na mbili. Umeme nao una ratiba yake. Toa nakala moja kwanza, isome yote, isaini. Kwangu sasa bila saini kwenye nakala ya kwanza sichapi ya pili, hata uwe mjomba wangu. Flashi ipige skani ya virusi. Na ukishaichomoa, usiiache kaunta. Ninazo kumi na moja kwenye droo, na moja ina harusi ya mtu.