Jelatini kwenye peremende: kwa mwenye mzio wa nyama anayekuja Nairobi likizoni

Mzio wa alfa-gali (aina ya sukari iliyomo mwilini mwa mamalia wengi), ule unaosababishwa na kuumwa na kupe na kumfanya mtu asiweze kula nyama ya ng'ombe, mbuzi wala nguruwe, haukomei kwenye nyama choma. Kwenye peremende adui ni jelatini, inayochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Ndiyo inayozipa peremende za kutafuna ule mvutano wake. Dalili hutokea baada ya saa 2 hadi 6, kwa hiyo mtu hulaumu chakula cha jioni, kumbe ni alichotafuna alasiri.

Usingoje onyo la herufi nzito. Sheria za Marekani na za Ulaya hulazimisha kutaja maziwa, karanga, ngano na vinginevyo, lakini nyama ya mamalia haimo. Soma orodha yote ya viambato. Tafuta "gelatin" au "gelatine". Baadhi ya pakiti huiandika kwa namba ya kiambato, E441. Viongezi E471, E470b na E422 huweza kutoka kwa mimea au kwa mafuta ya wanyama, na pakiti mara nyingi haisemi: muulize mtengenezaji, au iache. E120 na E904 hutokana na wadudu, si mamalia. Pektini (E440), agari (E406) na wanga ni salama. Karaginani (E407) ni mwani, lakini ina alfa-gali na wengine huwadhuru.

Alama ya halali ndiyo inayopotosha wengi Nairobi. Inamaanisha hakuna nguruwe. Jelatini ya ng'ombe inaweza kuwamo vizuri tu. Ya samaki, ikitajwa hivyo, haina shida. Wala jina la bidhaa si dhamana: Starburst ya Marekani ina jelatini, ya Uingereza haina. Basi pakiti uliyoizoea kwenu, ukiikuta supamaketi ya hapa, isome upya.

Kwenye kioski peremende huuzwa mojamoja kutoka kwenye mkebe, na karatasi ndogo haina orodha. Omba kuona pakiti kubwa ilimotoka, uipige picha, ukuze maandishi kwenye simu. Ikiwa imeshatupwa, usinunue. Swali "ina nyama?" halisaidii, muuzaji atacheka na kusema haina, naye anasema kweli kadiri ajuavyo.

Kashata za nazi au karanga, na mabuyu ya sukari na rangi, kwa kawaida hayana jelatini. Halwa huwa na samli. Hiyo, pamoja na tofi na chokoleti ya maziwa, inategemea kama mwili wako unavumilia maziwa. Wengi huvumilia, si wote.

Vitamini za kutafuna na dawa za kapsuli nazo mara nyingi zina jelatini, hivyo mwambie mfamasia kabla hajakufungia. Ikiwa daktari amekuandikia sindano za epinefrini (dawa ya dharura ya mzio mkali), beba mbili kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua yake, usiziweke kwenye sanduku la kuingia chini ya ndege.