Somo: Kutoka atomi hadi chembenano, tukiifuata dhahabu

Vijana wa Kidato cha 3 na cha 4, karibuni. Leo tunashika elementi moja, dhahabu, tunaifuata kutoka ndani ya atomi hadi kwenye ule mstari mwekundu wa kipimo cha malaria cha kutoboa kidole. Wengi kwenye majibu yao huandika kwamba chembenano (chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita) ni aina ya atomi. Si kweli, na dhahabu italionyesha hilo vizuri. Shikeni daftari na kikokotoo.

Hatua ya 1: Soma namba zake

Alama ya dhahabu ni Au, namba ya atomi 79, namba ya masi (jumla ya protoni na neutroni) 197. Namba ya atomi ni idadi ya protoni, na hiyo ndiyo inayoifanya dhahabu iwe dhahabu: protoni zikiwa 78 hiyo ni platinamu, zikiwa 80 ni zebaki. Neutroni unazipata kwa kutoa: 197 − 79 = 118. Elektroni ni 79, kwa sababu atomi nzima haina chaji.

Isotopu ni atomi za elementi moja zinazotofautiana idadi ya neutroni. Dhahabu ya asili ina isotopu moja tu, kwa hiyo haisumbui. Klorini ndiyo inayosumbua: karibu asilimia 75 ni klorini-35 na asilimia 25 ni klorini-37. Hesabu: (75 × 35 + 25 × 37) ÷ 100 = 35.5. Ile nusu haimaanishi kuna nusu neutroni mahali. Ni wastani.

Hatua ya 2: Panga elektroni

Hapa dhahabu tuiweke pembeni kidogo, mpangilio wake (2, 8, 18, 32, 18, 1) unazidi kanuni mnayofundishwa. Tumia sodiamu: elektroni 11, yaani 2, 8, 1. Ikipoteza ile 1 ya nje inabaki na elektroni 10 dhidi ya protoni 11, ndipo inakuwa ioni yenye chaji ya +1. Protoni hazikuguswa, kwa hiyo bado ni sodiamu.

Hatua ya 3: Jua vipimo

Mwaka 1909, Geiger na Marsden, waliokuwa chini ya Rutherford huko Manchester, Uingereza, walirusha chembe za alfa (chembe ndogo zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, chache sana zikarudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford akaeleza sababu: karibu masi yote ya atomi imejikusanya kwenye kiini kidogo chenye chaji chanya, na sehemu kubwa iliyobaki ni uwazi. Neutroni ilikuja kuthibitishwa baadaye, na Chadwick, mwaka 1932.

Kipenyo cha atomi ya dhahabu ni karibu nanomita 0.3, na kiini chake ni kidogo kuliko hapo kwa zaidi ya mara 10,000. Nanomita 1 ni mita 1 ukiigawa kwa bilioni 1. Kwenye mtihani andika 1 × 10⁻⁹ m.

Hatua ya 4: Sasa chembenano

Chembenano ni chembe yenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100. Tufe la dhahabu lenye kipenyo cha nanomita 40 lina atomi kama milioni 2, kila moja na protoni zake 79. Kwa hiyo chembenano ni mkusanyiko wa atomi, tena mkubwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya uso

Hapa ndipo penye maksi, msiparuke.

Chukua mchemraba wa dhahabu wa upande wa sentimita 1. Eneo la uso wote ni 6 × 1 × 1 = sm² 6. Sasa ukate wote uwe michemraba ya upande wa nanomita 10. Kila ubavu utatoa vipande milioni 1, jumla vipande 10¹⁸. Eneo la kimoja ni 6 × 10 × 10 = nm² 600. Zidisha, badilisha vizio, utapata mita za mraba 600. Ujazo ni uleule, dhahabu ni ileile, ila uso umekua mara milioni 1.

Kanuni fupi ya mchemraba: eneo ÷ ujazo = 6 ÷ upande. Upande ukipungua mara 10, uwiano unaongezeka mara 10.

Mmeshaona maabara unga wa mawe ya chokaa unavyotoa mapovu haraka kuliko mabonge ukitiwa asidi haidrokloriki. Sababu ni hiyohiyo: mmenyuko hutokea usoni. Ndiyo maana kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko) cha chembenano kinahitajika kidogo tu.

Hatua ya 6: Rangi

Mwaka 1857 Faraday alitengeneza jijini London kimiminika chekundu chenye dhahabu ndani yake. Vipande vya dhahabu vikifikia udogo wa chembenano, elektroni za usoni hutikisika pamoja zikipigwa na mwanga, zinafyonza zaidi ule wa kijani, na sisi tunaona wekundu.

Vipimo vingi vya haraka vya malaria vinatumia jambo hilo. Ndani ya ukanda kuna chembenano za dhahabu zilizofungwa kwenye kingamwili. Damu yenye protini ya vimelea ikipita, chembe hizo hunaswa kwenye mstari wa T (wa majibu), zinarundikana hadi jicho linaziona. Mstari wa C (wa kuhakiki kipimo chenyewe) usipotokea, kipimo ni batili hata kama T imetokea.

MASWALI YA WANAFUNZI

Shikamoo mwalimu. Atomi moja ya dhahabu nayo ni ya njano?
Marahaba. Hapana. Rangi ya njano inatokana na atomi nyingi mno zikiwa pamoja na elektroni zao zikishirikiana. Atomi moja haina ung'avu wala kiwango cha kuyeyuka. Ukiulizwa tabia za chembenano, usizibandike kwenye atomi.

Mchemraba wa nm 20, nimepata uwiano 3.33. Kitabu kinasema 0.3.
Umegeuza, umegawa ujazo kwa eneo. Eneo 2,400, ujazo 8,000; 2,400 ÷ 8,000 = 0.3 kwa nanomita. Eneo linakaa juu.

Kwa nini hatuzioni kwa darubini ya shule?
Darubini ya mwanga haiwezi kutofautisha vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, kwa sababu mwanga wenyewe una urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700. Inahitajika darubini ya elektroni.

Mwalimu, tukikusanya vipimo vilivyotumika hatupati dhahabu ya kuuza?
Nilijua lazima mmoja aulize! Kiasi kilichomo ni kidogo mno, gharama ya kuitoa itakushinda. Halafu hiyo ni taka yenye damu ya watu, iacheni kwa wahudumu wa afya.

Na mafuta ya kukinga jua wanayopaka ndugu zetu wenye ualbino, yana chembenano?
Baadhi yanazo. Zinki oksidi ya chembe kubwa inaacha weupe usoni. Ikisagwa hadi kiwango cha nano haionekani sana, lakini bado inazuia miale ya urujuanimno. Soma kibandiko cha chupa, mengine yanatumia kemikali tofauti kabisa.