Namna ya kuvitunza vijitabu vya kujikinga na mabomu (Uingereza, 1938–1941)

Bibi jirani yangu hapa Hull, mzaliwa wa 1934, alinipa boksi la viatu limejaa vijitabu vya wakati wa vita. Nimejifunza kwa kuharibu kimoja. Wewe usianzie huko.

Hatua ya 1: Chagua pa kuanzia. Mfuko ukiwa mwepesi, anza na kadi za sigara za 1938 (kadi za picha zilizotiwa ndani ya pakiti) za kampuni ya Wills, seti ya kadi 50 zenye picha za kujikinga na mashambulizi ya anga. Kisha tafuta kijitabu cha 1938 kiitwacho The Protection of Your Home Against Air Raids, na vipeperushi ambavyo serikali ilianza kuvipeleka nyumba kwa nyumba Julai 1939.

Hatua ya 2: Hakikisha si nakala mpya. Nakala za kisasa ni tele, na wengine huzipaka chai zionekane kuukuu. Ingia chumba cha giza, umulike kwa tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Karatasi ya miaka ile haing'ai. Ya kisasa mara nyingi hutoa mwanga wa buluu kama shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Angalia pia chini ya ukurasa wa mwisho: mara nyingi kuna namba ndogo za mpiga chapa, na ndani yake mwezi na mwaka, mfano 7/39. Namba peke yake isikuridhishe, maana nakala huinakili nayo.

Hatua ya 3: Toa pini zenye kutu, zile za stepla zinazobana kurasa. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima.

Nilishika koleo nikavuta kutoka nje, kwenye mgongo. Pini ilikatika, nusu ikabaki ndani, na kurasa za katikati zikachanika pande zote mbili. Nikadhani maji yatalainisha kutu. Yalilainisha kweli, kisha yakaisambaza: doa la hudhurungi likapanda mpaka kwenye maandishi, na halijatoka hadi leo.

Fanya hivi. Fungua kijitabu katikati kabisa, ukilaze juu ya taulo. Utaona miguu miwili ya pini imekunjwa kwa ndani. Chomeka kipande chembamba cha plastiki ngumu angavu chini ya mguu, ili chuma kisiguse karatasi. Inua mguu kwa kisu butu chembamba, kidogo kidogo, hadi usimame wima. Ukigoma, kata mguu kwa kikatio kidogo cha waya, usibishane nao. Miguu yote ikishasimama, geuza kijitabu ndipo uchomoe pini kutoka mgongoni. Pumua pembeni: karatasi ile ni kama ganda la kitunguu. Unga wa kutu upanguse kwa brashi laini, si kwa kidole.

Kisha shona kwa uzi wa kitani ukipitia matundu yaleyale. Usitoboe mapya. Na tafadhali, selotepu iache jikoni. Anayetia lamineti kijitabu cha 1939 sina la kumwambia.

Hatua ya 4: Hifadhi. Bahasha angavu za poliesta, boksi lisilo na asidi, chini ya kitanda na si darini.

Hatua ya 5: Ambatanisha kumbukumbu ya handaki. Kijitabu bila mtu ni karatasi tu. Kwanza jua nyumba ilikuwa na kinga gani, yaani pa kujificha mabomu yakianguka. Ile iliyoitwa Anderson ilikuwa ya mabati yenye migongo, ikifukiwa bustanini kiasi cha mita 1.2 na kufunikwa udongo. Kaya zenye kipato chini ya pauni 250 kwa mwaka zilipewa bure. Ilijaa maji mara kwa mara. Ya Morrison, ya 1941, ilikuwa meza ya chuma ya ndani ya nyumba, yenye nyavu za waya pembeni: mchana mnakula juu yake, usiku mnalala chini.

Usiulize tarehe, watu huzikosea. Uliza harufu, uliza nani alilala wapi. Bibi nilipomuuliza tarehe alinyamaza. Nilipomuuliza alilala upande gani chini ya meza, alinyoosha mkono papo hapo: yeye ukutani, mama yake nje, na miguuni paka, ambaye hakutakiwa kuwepo. Niliyaandika hayo kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, nikaitia bahasha moja na kijitabu.