Kabla ya kufungua nganda Lubumbashi
Anayetaka kufungua nganda, yaani baa ya mtaani, kwenye komine (manispaa) ya Katuba au ya Kenya jijini Lubumbashi, Kongo, ashughulikie karatasi kabla ya kununua friji. Kwenye Guichet Unique, ofisi moja ya serikali ya kuanzisha biashara, huombwa kwa pamoja namba ya RCCM (rejesta ya biashara), namba ya utambulisho wa kitaifa na namba ya kodi. Mchuuzi mdogo huanzia kwenye patanti, yaani leseni ya biashara ndogo. Kisha aulize komine kuhusu kibali cha kuuza vileo, na kila risiti aihifadhi kaunta, kwani mkaguzi akiingia jioni wateja wakiwa wamekaa, maneno matupu hayamwokoi mtu. Ninalosisitiza zaidi ni watoto: sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya 10 Januari 2009, inamhesabu mtoto kila asiyetimiza miaka 18, basi asiuziwe pombe hata akisema ametumwa na baba.