Eya klina na sailensa ya pikapu: anza na vumbi, mlio uje baadaye

Karibu kila wiki hapa Nakuru naletewa pikapu, mwenyewe anataka sailensa ya kunguruma na eya klina (kichujio cha hewa ya injini) ya kuosha, na mimi swali langu la kwanza ni moja tu: hii gari inabeba nini na inapita wapi? Juu mtu anayeshusha viazi kutoka Mau Narok na mtu anayetoka Milimani kwenda ofisini akirudi jioni hawawezi funga kitu kimoja, hata kama gari zao ni Isuzu D-Max za mwaka mmoja na rangi moja.

Hatua ya 1: jua injini yako

Fungua boneti usome namba ya injini, usiamini stika ya nyuma. Hilux za zamani zenye injini ya 3L ama 5L (hayo ni majina ya injini, si lita) hazina tabo, ile mashine ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, zinavuta hewa zenyewe. Lakini 2KD na 1KD za Toyota, na 4JK1 na 4JJ1 za Isuzu, hizo ni za tabo, na hiyo tofauti ndio itaamua mambo mengi huko mbele.

Pia kumbuka tuko juu. Nakuru ni kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na ukipanda Mau Summit inazidi kuwa nyepesi, kwa hivyo injini isiyo na tabo imeshapungukiwa hata kabla hujaiguza. Halafu ukishuka Kisumu, huko ni kama mita 1,130, gari ile ile inachangamka na mwenyewe anaapa ni sailensa mpya imefanya kazi, kumbe ni hewa tu. Kama unataka kupima mabadiliko, pima kwa mlima mmoja, mzigo mmoja, kabla na baada.

Hatua ya 2: kagua eya klina iliyomo sasa

Usinunue chochote bado. Toa eya klina, chukua kitambaa cheupe, pangusa ndani ya ule mpira unaoenda kwa injini, yaani upande ambao hewa imeshachujwa. Kitambaa kikitoka safi, eya klina yako inafanya kazi hata kama nje inaonekana chafu. Kikitoka na vumbi, kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa, na hiyo ndio shida ya kumaliza leo, mambo ya sailensa yangoje.

Mara nyingi si karatasi, ni raba ya kuzunguka. Boksi imepasuka, klipu moja imepotea mtu akafunga na waya, ama eya klina ni ya bei ya chini na raba yake ni ngumu kama plastiki haikai vizuri. Paka grisi kidogo sana kwa ukingo wa raba, funga, endesha siku mbili kwa vumbi halafu fungua, pale vumbi limevuka grisi utaona mstari wake na utajua panapovuja.

Na hii ya kupuliza na kompresa naomba mnisikilize vizuri. Nikiwa bado najifunza kazi nilipuliza eya klina ya karatasi na presha yote ya mashine, kutoka nje kuingia ndani, nikaona imekuwa safi kabisa nikairudisha. Karatasi ilikuwa imechanika kwa mkunjo, tundu dogo hata huwezi liona bila tochi, na ile gari ilikuwa ya kazi huko Mogotio kwa vumbi jingi. Miezi michache tu mapanga ya tabo yalikuwa yamelika na mwenyewe alikuwa na mkopo wa hiyo gari. Mpaka leo sijasahau uso wake. Kama ni lazima upulize, tumia presha ndogo, isizidi 30 psi, kutoka ndani kwenda nje, ukae mbali kidogo, halafu weka tochi ndani gizani uangalie kama mwanga unatoboa mahali. Ukiona nukta ya mwanga, tupa.

Hatua ya 3: chagua aina ya eya klina

Karatasi ndio chaguo langu kwa pikapu ya murram. Inashika vumbi laini vizuri, na inavyozidi kushika ndio inachuja zaidi mpaka izibe, ukiona moshi mweusi mlimani na gari imekuwa nzito ujue wakati umefika. Ukiwa dukani hesabu mikunjo, linganisha na ya orijino, bonyeza raba na kidole inafaa irudi, angalia gundi iwe imezunguka yote.

Zile za pamba ya mafuta, za kuosha, kama K&N, zinapitisha hewa kwa urahisi na unatumia miaka mingi. Kwa gari ya lami sina neno. Lakini kwa vumbi la unga kama lile la Kariandusi ama barabara za Rongai kiangazi sizipendi, na watu wengi wakishaosha wanamwaga mafuta kupita kiasi, mafuta yanavutwa mpaka kwa sensa ya kupima hewa, waya wake unapata utando, injini inapewa vipimo vya uongo. Ukinunua hiyo, paka mafuta kidogo, iache yasambae, panguza yaliyozidi. Sponji ni sawa pia ila inataka kuoshwa mara kwa mara, na watu hawaoshi.

Dizeli haitapata nguvu ya maana kwa kubadilisha eya klina pekee kama ya zamani ilikuwa safi. Anayekuahidi nguvu anauza.

Hatua ya 4: chagua sailensa

Chungulia ndani. Ukiona mwanga upande wa pili, hiyo ni ya moja kwa moja, bomba lenye matundu limezungushiwa pamba ya fiberglasi. Usipoona, ina vyumba na vizuizi, moshi unazunguka humo, inanyamaza zaidi lakini inabana zaidi.

Injini ya tabo inapenda njia wazi, na tabo yenyewe inakula sehemu ya kelele, kwa hivyo ya moja kwa moja yenye bomba la inchi 2.5 inatosha kabisa kwa gari ya mzigo. Inchi 3 ni za watu wanaobadilisha na programu ya injini. Lakini kwa 3L na 5L tafadhali usikimbilie bomba kubwa, moshi unapoteza kasi na gari inakosa nguvu injini ikizunguka polepole, pale pale unapohitaji kung'oa mzigo kutoka kwa matope. Baki karibu na saizi ya kiwandani.

Bati la kawaida lina kutu haraka, hasa kama safari zako ni fupi, maji yanabaki ndani hayapati joto la kukauka. Lililopakwa alumini linavumilia, steinlesi inadumu zaidi. Ukiwa na la kawaida toboa tundu la milimita 3 pale chini kabisa maji yatoke.

Na kama gari yako ina katalisti (kile kifaa cha kusafisha moshi), hasa hizi za petroli, fundi akikwambia aitoe "gari ipumue", kataa. Ndani mna platinamu na paladiamu, yeye anajua atauza wapi. Kelele nayo, kanuni za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo, na jirani yako saa kumi na moja asubuhi pia yupo.

Hatua ya 5: kufunga

Chomoa waya wa negativu wa betri kabla ya kuchomelea. Acha raba za kuning'inizia na ile fleksi (kipande cha bomba kinachonyumbuka), ukichomelea kila kitu kiwe kigumu, manifoldi, yaani bomba la moshi lililofungwa kwa injini, itapasuka kwa mtetemo. Bomba likae mbali na spea taya, nyaya na paipu za breki.

Mdomo wa bomba lazima utokeze nje ya bodi. Hapa sibembelezi mtu. Pikapu nyingi zina kanopi na vibarua wanakaa huko nyuma, bomba likiishia chini ya bodi ile gesi ya kaboni monoksaidi inaingia ndani, haina harufu, na mtu anasinzia haamki.

Ukimaliza washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa bomba na kitambaa kizito kwa sekunde chache, sikiliza kila maungio. Panapopiga "fss" kaza ama chomelea tena. Rudi baada ya wiki mbili ukaze klampu zote, juu joto litakuwa limezilegeza, na siku hiyo hiyo rudia ile ya kitambaa cheupe.