Siku Mbili Uluguru: Namna ya Kupumzika Mlimani Ukiwa Umechoshwa na Kazi

Uchovu wa kazi si ule unaoisha kwa kulala usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka miongoni mwa hali zinazotokana na kazi bila kuuita ugonjwa, na kuueleza kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kuona kwamba utendaji umeshuka. Mwisho wa juma mmoja mlimani hauondoi chanzo cha hali hiyo. Unachoweza kufanya ni kumrudishia mtu usingizi na utulivu wa kumwezesha kuitazama kazi yake akiwa mbali nayo kidogo, ilimradi safari yenyewe isigeuke kuwa kazi nyingine.

Hapo ndipo wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tunapokosea. Niliwahi kwenda Lushoto kwa siku mbili, nikiwa nimesifiwa baridi yake na mandhari ya Irente, na sifa hizo ni za kweli. Lakini kutoka Dar hadi Mombo ni safari ya nusu siku au zaidi, kisha kuna kona za kupanda kupitia Soni, na kurudi ni vilevile. Nilirudi ofisini Jumatatu nimechoka kuliko nilivyoondoka. Lushoto inastahili siku nne au tano. Kwa siku mbili, chagua mlima wa karibu, na kwa mkazi wa Dar mlima huo ni Uluguru, ulio juu ya mji wa Morogoro, kwa kuwa tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, Morogoro imekuwa umbali wa chini ya saa mbili, mwendo ambao baadhi yetu huutumia kila jioni kwenye foleni ya kurudi nyumbani.

Kata tiketi mapema, kwa maana treni za Ijumaa jioni na Jumapili hujaa. Kumbuka pia kwamba kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo panga usafiri wa kukufikisha unakolala. Katika kuchagua malazi, usiangalie uzuri wa picha peke yake. Morogoro, mji kasoro bahari, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 tu, na usiku wa Januari katikati yake unaweza kuwa na joto linalokaribia la Dar. Tafuta nyumba ya wageni iliyo juu kidogo, upande wa mlimani, kwani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabla ya kulipa, piga simu uulize swali moja ambalo watu hulisahau: je, kuna baa au ukumbi wa sherehe jirani? Sherehe moja ya Jumamosi hutosha kuharibu safari nzima.

Maandalizi magumu zaidi ni ya ofisini. Siku mbili kabla ya kuondoka, mkabidhi mwenzako mambo yanayoweza kuibuka, umweleze kwa maandishi lipi alimalize mwenyewe na lipi lisubiri hadi Jumatatu, kisha umwarifu mkuu wako kwamba hutapatikana. Kusema "nitakuwa napatikana kidogo" ni sawa na kusema utakuwa kazini. Abaki mtu mmoja wa nyumbani anayeweza kukupigia kwa dharura. Makundi ya kazi yanyamazishwe, na ikiwezekana programu ya barua pepe iondolewe kabisa hadi utakaporudi.

Ukifika Ijumaa usiku, kula, oga, ulale. Jumamosi usiweke kengele. Mwili uliozoea kuamka saa kumi na moja utaamka hivyo hivyo, nawe usiusute; baki kitandani, au kaa nje na chai ukiutazama ukungu ukipanda kwenye mabonde. Asubuhi hii ya kwanza huwa na fadhaa, na mtu huhisi kana kwamba amesahau jambo fulani. Fadhaa hiyo hupungua yenyewe kufikia mchana, mradi usiitulize kwa kufungua simu.

Matembezi yawe mamoja tu, nayo yawe ya polepole. Njia inayopendwa ni ile ya kupanda kutoka mjini hadi Morningside, kwenye jengo la zamani la enzi za Wajerumani, ambayo humchukua mtu wa kawaida saa mbili hadi tatu akipita kwenye mashamba ya Waluguru yaliyolimwa kwenye miteremko mikali. Chukua kijana wa kukuongoza kutoka vijiji vya huko. Ukitaka kuendelea hadi msituni, fuata kwanza kibali, maana msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, kiache kwa siku nyingine. Ni kupanda kwa kutwa nzima, na aliyechoka hana haja ya kumthibitishia mtu chochote. Vaa viatu vyenye meno, beba maji na sweta. Kuanzia Machi hadi Mei njia huteleza sana, kwa hiyo miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi.

Ukikuta kijito, kaa hapo kwa muda mrefu kuliko unavyoona ni lazima. Maji ya milima hii huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba mengi ya Dar es Salaam. Mimi hupenda kufikiri kwamba nimeyafuata yanakotoka.

Jumapili rudi kwa treni ya mchana, si ya usiku, ili upate jioni ya kufua nguo na kulala mapema. Ikiwezekana, omba ruhusa ya Jumatatu, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na wengi tunaolalamika uchovu hatujaimaliza ya mwaka uliopita. Lakini kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, chakula hakipandi, au umeanza kuona afadhali usingekuwepo, usisubiri mwisho wa juma wala mlima: nenda hospitali ukamwone daktari siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu unayemwamini.